Gari Linapokula Oili: Somo kwa Wenye Magari Kabla Injini Haijafa

Katika somo hili tunazungumzia tatizo linalowasumbua wenye magari wengi: injini inayokula oili, na mwishowe kufa. Mwenye teksi, mwenye matatu, mfanyabiashara anayebeba mboga kwa Probox na mzazi anayepeleka watoto shule wote wako katika hatari moja. Injini ikifa, anayeishi kwa gari hupoteza kipato siku hiyo hiyo, na gharama ya kuirudisha mara nyingi humlazimu kukopa.

Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza nje ya nchi. Kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa kwa gari lenye umri usiozidi miaka 8. Kwa hivyo gari likifika kwako huenda limeshapita mikono ya watu wengine, nawe huna hakika oili ilibadilishwa mara ngapi. Baadaye linakaa hapa miaka 10 au 15 zaidi. Ndiyo maana ni lazima mwenye gari ajue kupima oili mwenyewe, bila kungoja fundi.

Ukimaliza somo hili utaweza kupima oili ya gari lako, kukokotoa kiasi kinachopotea, kutambua dalili za sababu yake, na kujua haki zako ukiuziwa gari bovu au ukiharibiwa injini.

1. Oili inafanya kazi gani?

Ndani ya injini vyuma huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Oili hujiweka katikati ya vyuma hivyo kama utando mwembamba ili visigusane. Pia hubeba joto kutoka sehemu ambazo maji ya radieta hayafiki, huosha uchafu na kuupeleka kwenye filta, na husaidia ringi za pistoni kuziba nafasi iliyopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda.

Oili ikipungua mno, pampu huanza kuvuta hewa. Utando ule hukatika, beringi za krenki hupata moto, na injini huanza kugonga. Mafundi wetu husema injini "imenoki". Ikifika hapo, kuongeza oili hakurudishi kilichoharibika.

Mfano wa wazi ulitokea Marekani mwaka 2015. Kampuni ya Hyundai iliyaita magari aina ya Sonata ya miaka ya 2011 na 2012 yarudi gereji kwa sababu mabaki ya chuma yaliyobaki wakati wa kutengeneza krenki yangeweza kuzuia oili kufika kwenye beringi. Injini hizo zilikuwa na oili ndani, lakini haikufika ilipotakiwa, na matokeo yake ni injini kuzima barabarani. Kwa hivyo oili inatakiwa iwe ya kutosha, iwe safi, na ifike mahali pake.

2. Kiasi gani ni cha kawaida?

Kila injini huchoma oili kidogo. Swali ni kiasi gani. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji vinataja hadi lita 1 kwa kila kilomita 1,000 kuwa ndiyo mpaka wa juu. Hata hivyo, injini yenye afya hutumia kidogo sana kuliko hapo, na nyingi hufika sevisi nyingine bila kuongezwa kitu.

Kipimo kingine kizuri kinatokana na injini ya Toyota ya lita 2.4 inayoitwa 2AZ-FE, iliyofungwa kwenye Camry za 2007 hadi 2009 na magari mengine. Wamiliki wengi nchini Marekani walilalamika kwamba inakula oili. Toyota iliweka mpango wa kuwabadilishia pistoni na ringi, lakini baada ya gari kupimwa. Kipimo kilikuwa hivi: oili inajazwa hadi alama ya juu, gari linaendeshwa maili 1,200, yaani takriban kilomita 1,900, kisha linapimwa tena. Lililopoteza zaidi ya kwati moja, ambayo ni karibu lita 1, lilihesabiwa kuwa na kasoro. Hiyo ni sawa na nusu lita hivi kwa kila kilomita 1,000.

Kwa hivyo, gari lako likipoteza nusu lita au zaidi kwa kilomita 1,000, usilipuuze. Hata likiwa chini ya hapo, kama kiasi kinaongezeka kila mwezi, tafuta sababu mapema.

3. Jinsi ya kupima

Fuata hatua hizi:

Kwanza, egesha gari mahali palipo sawa. Gari likiegeshwa kwenye mteremko hutoa kipimo cha uongo.

Pili, washa injini mpaka ipate joto, kisha uizime na usubiri dakika 5 hadi 10 ili oili irudi chini kwenye sampu.

Tatu, vuta kijiti cha kupimia, ukipanguse kwa kitambaa safi, ukirudishe chote ndani, kisha ukivute tena. Usisome mara ya kwanza, kwa sababu wakati huo kijiti huwa kimepakwa oili kila mahali.

Nne, angalia alama mbili. Oili inatakiwa iwe kati ya ya chini na ya juu. Katika magari mengi madogo, nafasi kati ya alama hizo ni karibu lita 1; hakikisha kwenye kitabu cha gari lako.

Tano, ukiongeza, ongeza kidogo kidogo na upime tena. Usipite alama ya juu. Oili ikizidi hupigwa na krenki ikatoa povu, na nyingine husukumwa hadi kwenye njia ya hewa na kuchomwa.

Sita, andika tarehe, kilomita zilizo kwenye dashibodi, na kiasi ulichoongeza. Daftari la shilingi chache lina faida kubwa hapa, kwa sababu bila kuandika utabaki kukisia.

4. Tufanye hesabu

Chukulia umejaza oili hadi alama ya juu gari likiwa na kilomita 120,000. Kwenye kilomita 121,500 unapima na kulazimika kuongeza mililita 600 ili irudi pale pale. Gari limetumia mililita 600 kwa kilomita 1,500, yaani mililita 400 kwa kila kilomita 1,000. Hilo liko karibu na mpaka tuliotaja. Endelea kulipima.

Sasa chukulia gari jingine lenye lita 4 za oili na linalopoteza lita 1 kila kilomita 1,000. Fundi amekuandikia kwenye kikaratasi urudi baada ya kilomita 5,000. Baada ya kilomita 2,000 zimebaki lita 2. Baada ya kilomita 3,000 imebaki lita 1 pekee, na kwenye kona au mlimani pampu inaweza kuvuta hewa. Injini hiyo haitaifikia tarehe ya sevisi. Kikaratasi kinaeleza oili itachakaa lini. Hakijui gari lako linapoteza kiasi gani.

Zingatia pia mwendo wako. Dereva wa teksi anayekwenda kilomita 150 kwa siku humaliza kilomita 1,000 kwa wiki moja. Mkazi anayekwenda kilomita 20 kwa siku humaliza hizo hizo kwa siku 50. Gari likiwa na tatizo hili, dereva wa teksi apime kila siku mbili au tatu kabla ya kuanza kazi, na yule mwingine apime angalau kila wiki mbili.

5. Oili inakwenda wapi?

Kuna njia tatu tu: inavuja nje, inachomwa ndani, au inachanganyika na maji ya radieta.

Kuvuja nje: Weka boksi la karatasi chini ya injini usiku mmoja. Asubuhi angalia kama kuna matone na yako upande gani. Sehemu zinazovuja mara nyingi ni gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, sili za krenki za mbele na nyuma, nati ya kutolea oili kwenye sampu, na filta. Kama gari limetoka sevisi jana na leo linavuja, angalia filta kwanza. Wakati mwingine raba ya filta ya zamani hubaki imeng'ang'ania, mpya ikafungwa juu yake, na oili ikamwagika kwa wingi.

Kuchomwa ndani: Dalili yake ni moshi wa rangi ya buluu kwenye bomba la nyuma, wenye harufu ya oili iliyoungua. Tazama unatoka wakati gani:

Ukitoka kwa muda mfupi unapowasha gari asubuhi kisha ukapotea, shuku sili za valvu. Usiku kucha oili imekuwa ikidondoka ndani ya silinda.

Ukiongezeka unapokanyaga mafuta, hasa unapopanda mlima, shuku ringi za pistoni.

Ukitoka baada ya kuteremka mlima mrefu huku umeondoa mguu kwenye mafuta, shuku tena sili na njia za valvu.

Kama injini ina tabo, sili zake nazo zinaweza kupitisha oili.

Jihadhari: magari yenye kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi, yanaweza kuchoma oili nyingi bila moshi kuonekana vizuri. Hivyo usiseme gari halili oili eti kwa sababu hutoi moshi. Kijiti ndicho shahidi.

Kuchanganyika na maji: Ukikuta ute kama maziwa kwenye kijiti au oili ndani ya tanki la maji ya radieta, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto huenda na dalili hiyo. Usiendeshe gari hilo, lipeleke likivutwa.

Moshi mweusi ni jambo jingine. Huo kwa kawaida ni mafuta mengi kuliko hewa, na oili haihusiki.

6. Anza na sababu rahisi

Wenye magari wengi wakisikia "inakula oili" huambiwa papo hapo wafungue injini au wanunue nyingine. Kabla ya kukubali, mwombe fundi afuate mpangilio huu.

Mosi, asafishe injini na kutafuta mahali inapovuja.

Pili, akague valvu ya PCV, ambayo hurudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa. Ikiziba au ikikwama wazi, huchangia oili kuvuja au kuchomwa, ilhali ni kifaa kidogo kisichohitaji injini kufunguliwa.

Tatu, athibitishe kwamba oili iliyomo ni ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Nne, apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda ikiwa na mgandamizo mdogo, atie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kwa sababu oili imeziba nafasi yake kwa muda. Kisipopanda, tatizo liko zaidi kwenye valvu au gasketi.

Ringi nazo hazichoki bila sababu. Oili iliyokaa muda mrefu hugeuka tope jeusi, ikaziba vitundu vya pistoni na kuzigandisha ringi. Injini iliyowahi kuchemka kupita kiasi pia hupoteza nguvu ya ringi. Kwa hivyo tumia kulanti iliyopendekezwa badala ya maji ya bomba pekee, na usiendelee kuendesha gari linalochemka eti umekaribia kufika. Madereva wanaosimama sana kwenye msongamano wakiwa wamewasha injini wapunguze muda kati ya sevisi, maana injini inafanya kazi hata kilomita zisipoongezeka.

7. Taa nyekundu ya oili

Wengi hudhani taa nyekundu yenye mchoro wa birika la oili ina maana kwamba oili imepungua kidogo. Sivyo. Katika magari mengi taa hiyo hupima msukumo wa oili. Ikiwaka wakati unaendesha, oili haisukumwi vya kutosha na injini inaumia wakati huo huo. Toka barabarani kwa usalama, zima injini mara moja na upime kijiti. Kama oili iko chini, jaza kabla ya kuwasha. Kama oili iko sawa na taa bado inawaka, usiendeshe. Ita gari la kuvuta. Gharama ya kuvutwa ni ndogo sana ikilinganishwa na injini mpya.

8. Kununua oili

Nambari kama 5W-30 zina maana. Nambari ya kwanza pamoja na W huonyesha wepesi wa oili injini ikiwa baridi, na ya pili huonyesha uzito wake ikiwa moto. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu ya injini asubuhi. Oili nyepesi kupita kiasi hupenya ringi kwa urahisi. Fuata kitabu.

Kuna oili bandia, na nyingine ni chafu iliyochujwa na kutiwa kwenye mikebe mizuri. Nunua kwa muuzaji unayemjua, kagua kifuniko kama kimefunguliwa, dai risiti, na utafute alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Unaweza kuthibitisha kibali cha alama hiyo kwa kutuma ujumbe wa simu wenye SM# ikifuatiwa na nambari ya kibali kwenda 20023. Ukishamaliza oili, toboa mkebe ili usijazwe tena na matapeli.

9. Kununua gari au kubadilisha injini

Unapokwenda kukagua gari la mtu, mwombe asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini uhakikishe ni baridi. Vuta kijiti, fungua kifuniko cha oili na uangalie kama kuna tope jeusi. Mwache mwenzako asimame nyuma ya gari wakati unawasha. Baadhi ya wauzaji hutia oili nzito au dawa ya kuficha moshi kwa siku chache, kwa hivyo ni vizuri kuandikiana kwamba utakuwa na muda wa kulijaribu.

Ukiamua kufunga injini iliyotumika kutoka Japani, dai kuisikia ikiwashwa au kupimwa mgandamizo, na uandikiwe muda wa dhamana. Kumbuka pia kwamba nambari ya injini imo kwenye rekodi za gari. Ukibadilisha injini, wasilisha mabadiliko hayo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ukiwa na risiti ya uhalali. Usipofanya hivyo utapata shida wakati wa ukaguzi au kuuza gari, na ikitokea injini ni ya wizi, utakayeulizwa maswali ni wewe.

10. Haki zako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inafafanua haki hizo. Kama gereji imesahau kukaza nati ya oili na injini yako ikafa, usimalize mambo kwa kelele. Hifadhi risiti, piga picha, weka ujumbe wa simu, na utafute fundi mwingine akuandikie ripoti kabla injini haijafunguliwa. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

11. Oili chafu

Usimwage oili chafu kwenye mtaro, shambani au chooni. Mvua huipeleka mtoni na visimani. Wengine huipaka nguzo za ua kuzuia mchwa. Hiyo pia huingia udongoni, tena oili iliyotumika ina chembe za chuma na ni sumu kwa ngozi. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko na uipeleke kwa gereji inayowapa wakusanyaji wenye kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Jipime

1. Umeongeza mililita 900 baada ya kilomita 1,800. Gari linatumia kiasi gani kwa kilomita 1,000?
2. Moshi wa buluu hutoka asubuhi tu kisha hupotea. Unashuku nini?
3. Taa nyekundu ya oili imewaka na nyumbani kumebaki kilomita 2. Utafanya nini?

Majibu: 1. Mililita 500, yaani umefika kwenye mpaka wa kutafuta fundi. 2. Sili za valvu. 3. Kuegesha na kuzima injini hapo hapo, kisha kupima kijiti.

Mkazi, kupima oili huchukua dakika chache na hakuhitaji kifaa ila kitambaa. Kabla hujatoka kesho asubuhi, fungua boneti, pima, na uandike. Mfundishe pia dereva uliyemkabidhi gari lako.